Karatasi ya kura ina maswali 13: yanamgusaje mkaza mwanangu na mama yake?

SWALI: "Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 61, naishi kwa mwanangu Phoenix, Arizona. Nilipata uraia wa Marekani mwaka 2023. Mkaza mwanangu amezaliwa hapa, wazazi wake ni watu wa Sonora, Meksiko, na kazi yake ni kusafisha vyumba hotelini. Mama yake tunaishi naye nyumba hii hii, ndiye anayelea wajukuu wetu wawili tukienda kazini, lakini hana makaratasi ya kuishi nchini. Novemba 2024 nilituma kura yangu ya kwanza kwa posta. Nilichagua rais na wengine, nikageuza karatasi nikakuta maswali 13 ya ndiyo au hapana. Nikayaacha yote, nikiogopa kuharibu kura. Matokeo yalipotoka mkaza mwanangu alilia jikoni. Alisema katika maswali yale moja limempa yeye haki, na jingine limemnyang'anya mama yake usingizi, na yote mawili watu wamesema ndiyo. Msikitini nimeambiwa hayo ni mambo ya Wameksiko, hayanihusu. Je, kura hizi zinawafikiaje wanawake kama hawa wawili? Nilikosea kuacha wazi? Uchaguzi ujao nifanye nini? Mkwe mwenzangu sasa hataki hata kumpeleka mtoto kliniki."

JIBU: Shikamoo mama. Umeuliza mambo mengi kwa pumzi moja, na yote ni ya maana. Naanza na la kliniki kwa sababu hilo halingoji uchaguzi.

Mtoto aende kliniki. Ikiwa wajukuu wenu wamezaliwa hapa, ni raia, na hakuna pendekezo (ndivyo yanavyoitwa maswali kama yale 13) lililopita Arizona mwaka 2024 lililowaondolea haki ya kutibiwa. Hata hivyo sitamwambia mkwe mwenzio kwamba anaogopa bure. Januari 2025 serikali ya shirikisho ilifuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia maafisa wa uhamiaji kukamata watu hospitalini, shuleni na kwenye nyumba za ibada. Uamuzi huo haukutoka kwenye kura ya Arizona, ulitoka Washington, lakini kwa mtu asiye na makaratasi yote yamekuja kwa wakati mmoja na hayatofautishi. Basi kwa sasa mtoto apelekwe na wewe au na mama yake. Mkaza mwanao akuandikie idhini ya kuwasimamia watoto kwa daktari, kliniki nyingi zina fomu yake, ili siku akiwa kazini wewe nyanya uweze kukubali matibabu bila kumtafuta kwa simu.

Sasa kura uliyoacha wazi. Hukuharibu kitu. Kila swali kwenye karatasi ile huhesabiwa peke yake. Ulipochagua rais, chaguo hilo lilihesabiwa. Kwenye maswali 13 uliyoacha, hukuhesabiwa popote. Wapo wanaoamini kwamba kunyamaza ni sawa na kusema hapana, na nimewasikia wakishauriana hivyo: "ukiwa na shaka acha, itakuwa hapana." Sivyo. Arizona hutazama waliojibu swali lile tu. Kwa kawaida, zaidi ya nusu yao wakisema ndiyo, limepita. Wewe hukusema hapana, uliwaachia wenzio waamue.

Kwa kuwa umetoka Kenya, kura ya namna hii si ngeni kwako. Mwaka 2005 palikuwa na ndizi ya ndiyo na chungwa la hapana, mwaka 2010 kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana. Lakini Kenya iliuliza swali moja, juu ya katiba nzima, na nchi yote ikalijadili swali hilo hilo kwa miezi. Arizona inaweza kukuuliza mambo 13 siku moja, bila tunda wala rangi, kwa lugha ya mawakili: mara majaji, mara bakshishi za wahudumu wa mikahawa, mara mimba, mara mpaka. Mwaka 2024 kaunti yenu ya Maricopa ilishindwa kuyatosheleza kwenye karatasi moja, ikachapisha mbili. Nilikaa na akina mama kwenye ukumbi mmoja wa kanisa magharibi mwa Phoenix mwezi Oktoba mwaka huo tukiyasoma swali baada ya swali, na tulimaliza saa nne baadaye. Kwa hiyo usijione mjinga kwa kuyaogopa.

Maswali hayo huingia kwenye karatasi kwa milango miwili, na ni vizuri ujue lipi limepitia wapi. Mlango wa kwanza ni wa wananchi. Watu hukusanya saini barabarani, sokoni, nje ya maktaba, na wakifikisha idadi ya sheria swali linaingia. Pendekezo 139, lile la utoaji mimba, liliingia hivyo: zilihitajika saini 383,923, zikakubaliwa 577,971. Mlango wa pili ni wa bunge la jimbo. Wabunge hupitisha azimio, na swali huenda moja kwa moja kwa wapiga kura bila kupita mezani kwa gavana. Katika yale 13 ya mwaka 2024, 11 yalipitia mlango huo wa pili. Machi 2024 Gavana Katie Hobbs alikataa kutia saini mswada uliotaka kuvuka mpaka bila ruhusa kuwe kosa la jimbo. Mwezi Juni wabunge wakalirudisha jambo lile kama swali la wapiga kura. Hilo ndilo Pendekezo 314, lililomnyang'anya mkwe mwenzio usingizi.

Novemba 5, 2024, mapendekezo hayo mawili yalipita pamoja, kila moja kwa zaidi ya asilimia 61. Hesabu yenyewe inakuambia kwamba wapo mamia ya maelfu ya watu waliosema ndiyo kwa yote mawili. Hapo ndipo machozi ya mkaza mwanao yanapoeleweka. Mpiga kura anaulizwa jambo moja moja, analijibu, anahamia linalofuata. Nyumba yenu inaishi na majibu yote kwa pamoja, chini ya paa moja, kwenye meza moja ya chakula. Raia wa kuzaliwa, raia wa kuandikishwa, asiye na makaratasi na watoto wadogo: kila jibu linamfikia kila mmoja wenu kwa njia yake. Nyumba za namna hiyo ni nyingi sana miongoni mwa Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao hapa Arizona ni karibu theluthi moja ya watu wa jimbo, na kwa kawaida anayebeba mzigo wa kuzipatanisha hizo hali ni mwanamke.

Tulitazame 139 kwanza. Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya Arizona iliamua kwamba sheria ya mwaka 1864, iliyotungwa kabla Arizona haijawa jimbo, ingeweza kutumika tena. Sheria hiyo ilikataza karibu kila utoaji mimba, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Bunge liliifuta wiki chache baadaye, ikabaki ile ya 2022 iliyoweka kikomo cha wiki 15. Pendekezo 139 limeandika haki hiyo ndani ya katiba ya jimbo mpaka kufikia hatua ambayo mtoto anaweza kuishi nje ya tumbo, na baada ya hapo pale mtaalamu wa afya anapoona ni lazima kwa maisha au afya ya mama. Machi 2025 mahakama ikakitangua kile kikomo cha wiki 15. Najua kwako, na kwa wengi wa msikitini na kanisani, jambo hili ni la dini kabla halijawa la sheria. Silazimishi dhamiri ya mtu. Ninachoweza kukuambia ni nani aliyebanwa zaidi kabla ya kura ile: ni yule asiyeweza kusafiri. Mwanamke mwenye fedha angepanda ndege kwenda California. Anayelipwa kwa saa, ana watoto wawili na hawezi kukosa zamu mbili, hawezi. Asiye na makaratasi anaogopa hata vituo vya Doria ya Mpakani kwenye barabara za kusini. Na jambo moja 139 haikuligusa: nani atalipa. Haki imeandikwa, gharama imebaki palepale.

Pendekezo 314 linahitaji subira kidogo kulielewa, kwa sababu ni sheria kadhaa zilizofungwa pamoja, na watu wengi wanaijua moja tu. Sehemu inayotisha zaidi ndiyo isiyofanya kazi mara moja. Ile ya kumfanya mtu mhalifu wa jimbo kwa kuvuka mpaka nje ya vituo rasmi imefungwa kwa sharti: haianzi mpaka sheria ya Texas inayofanana nayo, au nyingine ya jimbo lingine, iwe imetumika siku 60 mfululizo. Tena katiba ya Marekani inakataza kumwadhibu mtu kwa sheria iliyotungwa baada ya tendo. Mkwe mwenzio alivuka zamani. Kosa hilo jipya halirudi nyuma kumfuata. Hali yake kwa sheria ya shirikisho ni jambo jingine kabisa, nitalifikia.

Sehemu ambayo haikusubiri Texas ni ya nyaraka. Mtu asiye na ruhusa ya kuwa nchini akitoa nyaraka za uongo ili apate huduma ya umma, au ili aupite mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi, anatenda kosa kubwa la jinai la jimbo. Hili ndilo la kuzungumza naye kwa utulivu. Kama amewahi kutumia namba isiyo yake kazini, asimwambie jirani, asimwambie bosi, asimwandikie mtu kwenye simu. Amwambie wakili peke yake. Sehemu nyingine inaongeza adhabu kwa muuzaji wa fentanili, dawa kali ya kulevya, iliyoua mtu, na nina hakika wengi waliosema ndiyo walikuwa na msiba wa dawa hizo mioyoni mwao. Wapo Walatino wengi tu waliosema ndiyo pia. Ndiyo maana naona ubaya kufunga mambo mengi kwenye swali moja: unaulizwa kuhusu muuza sumu, jibu lako linafika kwa nyanya anayelea wajukuu.

Basi yule aliyekuambia haya ni mambo ya Wameksiko hakuona mbali. Naomba nikuonyeshe pendekezo ambalo huenda linakulinda wewe mwenyewe leo bila kujua.

Siku ile ukumbini mama mmoja, naye msafishaji wa hotelini, alitoa hati yake ya mshahara kwenye mkoba ili anionyeshe makato. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Chini kabisa, baada ya kodi, palikuwa na mstari mmoja mdogo wenye namba 11.73. Nikamuuliza ni nini. Akasema labda kodi nyingine. Zilikuwa saa zake za ugonjwa, saa 11 na dakika 44 za kulipwa akiwa nyumbani. Wiki ileile binti yake alikuwa na homa, naye alimwacha kwa bibi yake akaenda kazini, akiamini akikosa siku anakosa mshahara. Alikitazama kile kikaratasi muda mrefu, kisha akakipiga picha akamtumia dada yake.

Saa hizo zimetoka kwenye Pendekezo 206 la mwaka 2016. Liliingia kwa mlango wa wananchi. Kwa kila saa 30 za kazi mfanyakazi anapata saa moja ya ugonjwa yenye malipo, mpaka saa 40 kwa mwaka kwa mwajiri wa watu 15 au zaidi, na saa 24 kwa mwajiri mdogo. Unaweza kuzitumia ukiugua wewe, au mtoto, mzazi, mume, ndugu, bibi au mjukuu, na hata mtu mwingine ambaye ukaribu wenu ni wa kifamilia. Mwanamke anayekimbia kipigo nyumbani anaweza kuzitumia kutafuta hifadhi au kwenda mahakamani. Mwajiri akikuchukulia hatua mbaya ndani ya siku 90 baada ya wewe kudai haki hii, sheria inaanza kwa kudhani amelipiza kisasi, na yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba sivyo. Na tafsiri yake ya neno mfanyakazi haitaji uraia. Inawaacha nje wachache tu, kama anayelea mtoto wa mtu nyumbani kwa kibarua cha mara mojamoja.

Pendekezo hilo hilo ndilo lililopandisha kima cha chini cha mshahara. Kile cha shirikisho kimekaa dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Cha Arizona kilipanda hadi dola 10 mwaka 2017, dola 12 mwaka 2020, na kwa kuwa kinafuata gharama za maisha, kikafika dola 14.70 mwaka 2025. Mwaka 2023 mwanamke wa Kilatino aliyefanya kazi ya kutwa mwaka mzima Marekani alipata takriban senti 58 kwa kila dola ya mwanamume mzungu. Pengo hilo halizibwi na kima cha chini peke yake, lakini anayesafisha vyumba anakiona kila Ijumaa. Tena tangu mwaka 1998 katiba ya Arizona inalizuia bunge kufuta kilichopitishwa na wapiga kura. Kurekebisha kunahitaji robo tatu ya wabunge, na marekebisho lazima yaendeleze kusudi la awali. Ulinzi huo unalinda 206. Unalinda 314 vilevile. Ndiyo sababu nasema kura hizi si za kuachiwa wengine: likishapita, kuling'oa kwahitaji kura nyingine.

Na kura nyingine huchukua miaka. Mwaka 2006 Arizona ilipitisha Pendekezo 300, lililowanyima wanafunzi wasio na makaratasi ada nafuu ya wakaazi kwenye vyuo vya umma. Mwaka 2022 Pendekezo 308 liliirudisha, kwa waliosoma sekondari hapa angalau miaka miwili na kuhitimu, kwa takriban asilimia 51. Baina yake ni miaka 16. Mtoto aliyekuwa na miaka miwili kura ya kwanza ilipopigwa alikuwa na 18 ya pili ilipopigwa, na wale waliohitimu katikati, hakuna aliyewarudishia chochote. Nawajua akina mama waliouza tamale, chakula cha Kimeksiko cha unga wa mahindi, usiku kwa miaka kulipia muhula mmojammoja.

Hofu aliyonayo mkwe mwenzio nayo ina historia. Mwaka 1994 California ilipitisha Pendekezo 187 kwa asilimia 59, lililotaka kuwafungia wasio na makaratasi shule za umma na matibabu yasiyo ya dharura. Mahakama ililizuia ndani ya siku chache na sehemu zake kuu hazikutumika kamwe. Lakini watafiti waliona Walatino vijana huko San Francisco wakipungua kwenda kuanza matibabu ya afya ya akili baada ya kura. Sheria haikuanza, na watu tayari walikuwa wamejifungia ndani. Mwambie mkwe mwenzio habari hii. Si kumwambia asiogope, bali ajue kwamba wengine walikosa daktari kwa sheria ambayo haikuwahi kufanya kazi.

Majimbo hayafanani, na jamaa wa mkaza mwanao walioko kwingine wasipewe majibu ya Arizona. Texas, yenye mamilioni ya Walatino, haina kabisa mlango wa saini wa kufikisha swali kwa jimbo zima. Florida inadai asilimia 60 kubadili katiba. Mwaka 2024 swali la utoaji mimba lilipata asilimia 57 likaanguka, ingawa sharti lenyewe la asilimia 60 lilipitishwa mwaka 2006 na chini ya asilimia 60. Hata Arizona tangu 2022 inadai asilimia 60 kwa mapendekezo ya kuongeza kodi, sharti lililopita kwa chini ya 51. Habari ninayoipenda zaidi ni ya New Mexico, ambako karibu nusu ya watu ni Walatino. Huko wazazi na walezi wa watoto walidai karibu miaka kumi kwamba sehemu ya mfuko mkuu wa ardhi wa jimbo, unaojazwa hasa na mafuta na gesi, itumike kwa malezi ya watoto wadogo. Mwaka 2022 swali likafika kwa wapiga kura, asilimia 70 wakasema ndiyo. Walezi wengi wa vituo hivyo ni wanawake wa Kilatino, na wazazi wanaoleta watoto asubuhi vilevile. Novemba 2025 jimbo likaanza kutoa malezi hayo bila malipo kwa familia za vipato vyote.

Lakini usidhani wanawake wa Kilatino wana jibu moja. Mwenye asili ya Kuba wa Miami, mama wa New Mexico ambaye ukoo wake ulikuwepo kabla ya bendera ya Marekani, na mkaza mwanao wa Phoenix, wanaweza kusoma swali moja wakatoka na majibu matatu. Unapopiga kura usibahatishe mkaza mwanao anaona nini. Muulize.

Sasa uchaguzi ujao. Kwanza hakikisha utapewa karatasi yenye maswali. Tangu mwaka 2004, kwa pendekezo jingine la kura, Arizona inadai uthibitisho wa uraia ili upige kura ya jimbo. Ambaye uthibitisho wake haupo kwenye mfumo anaweza kupewa karatasi ya shirikisho tu, isiyo na pendekezo hata moja. Wewe uliyaona yale 13, kwa hiyo mwaka 2024 ulikuwa sawa. Lakini ukihama nyumba au kubadili jina, angalia tena. Waambie na wenzio wa msikitini: aliyepata leseni ya udereva kabla ya kuwa raia, mfumo wa leseni unaweza kuendelea kumwona si raia mpaka apeleke namba ya cheti chake cha uraia kwenye ofisi ya kaunti ya kuandikisha wapiga kura.

Kijitabu cha mapendekezo kitakuja kwa posta. Usianze na kurasa za hoja, maana hizo zinaandikwa na wenye upande. Anza na sentensi mbili zinazoeleza kura ya ndiyo itafanya nini na ya hapana itafanya nini. Sheria inazidai, na ziko hata kwenye karatasi ya kura yenyewe. Kisha jiulize kwa kila swali: limeletwa na wananchi au bunge? Likipita, nani katika nyumba yangu litamfikia, na kwa njia gani? Ukikwama kwenye moja, liache hilo, ujibu mengine.

Maricopa huchapisha kura kwa Kiingereza na Kihispania, kwa sababu tangu 1975 sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura inailinda lugha hiyo mahali penye wasemaji wengi. Kiswahili hakimo. Ila sheria hiyo hiyo inamruhusu asiyeweza kusoma karatasi kuchagua mtu wa kumsaidia, hata ndani ya kituo, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Mkaza mwanao anaweza kukutafsiria. Anaweza pia kuipeleka bahasha yako, maana Arizona inamruhusu mtu wa familia au wa nyumba moja. Mtu baki anayekuja mlangoni akusanye kura, mkatalie.

Jambo moja ni la hatari na nalisema bila kupunguza: asiye raia asijiandikishe, hata mwenye grini kadi, hata akipewa fomu na karani mwenye tabasamu. Kudai uraia usio nao kunaweza kumfungia mtu njia ya uhamiaji maisha yake yote na kumfukuzisha nchini, hata kama alikosea kwa kutojua.

Na sasa mkwe mwenzio. Maneno yangu hayamtoshi, anahitaji kukaa ana kwa ana na wakili wa uhamiaji, au mwakilishi wa shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Ana mtoto raia mtu mzima, ameishi hapa miaka mingi. Huenda ana njia, huenda hana, na namna alivyoingia nchini ndiyo hubadili jibu. Asiende kwa "notario". Kwao Meksiko notario ni mwanasheria mwenye heshima kubwa. Marekani mtu mwenye cheo cha jina hilo hushuhudia saini tu, na wapo wanaoutumia mkanganyiko huo kula fedha za watu na kuwajazia fomu zinazowaharibia. Aende kwa wakili, na mkaza mwanao afuatane naye. Mkaza mwanao mwenyewe atazame mstari wa saa za ugonjwa kwenye hati ya mshahara. Kama haupo, au ananyimwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Viwanda ya Arizona, idara ya kazi, na hahitaji kulipa wakili kuyaandika.

Bahasha ya kura ina mahali pa saini nje. Bila saini kura haihesabiwi, na iwe saini ile uliyoweka ulipojiandikisha. Kijitabu kikifika, swali lolote usilolielewa nitumie namba yake na maneno yake kama yalivyochapishwa, nitakusomea.